Mama anasema nimemchora kama maiti. Ngozi inageuka majivu, nifanyeje?

Brashi_ya_Kondele

Habari zenu wadau wa rangi.

Mimi ni mchoraji wa mabango hapa Kondele, Kisumu. Kazi inayonilisha ni vibao vya vinyozi, kuta za hoteli, majina ya mashua kule Dunga na maneno ya Biblia nyuma ya matatu. Hiyo naijua na naiheshimu. Lakini nimekuja hapa na jambo jingine, ambalo limeninyima usingizi tangu Februari.

Namchora mama yangu akiwa kazini. Mama ni mgonga kokoto. Ukitoka Kisumu kuelekea Maseno, ukikaribia Kisian unaanza kuwaona kando ya barabara, kila mmoja na rundo lake, juu yake mwavuli uliovunjika mbavu au gunia lililofungwa kwenye miti minne. Mama amekaa pale tangu nikiwa darasa la pili. Kalamu, sare, karo mpaka kidato cha nne, vyote vilitoka kwenye rundo lile, debe kwa debe.

Nimetumia rangi za mafuta za tyubu kwa mara ya kwanza maishani, kwa sababu nilitaka picha ya kudumu, isiwe kama kibao cha kinyozi kinachonyeshewa miaka miwili kikabanduka. Kitambaa ni marikani, futi nne kwa tatu. Mama ameketi chini, miguu ameitandaza, jiwe la kugongea liko katikati. Mkono wa kushoto umeshika ule mpira aliokata kwenye tairi kuukuu, ambao anauzungusha kwenye jiwe ili vipande visimrukie usoni. Mkono wa kulia umeinua nyundo. Umbo limekaa vizuri, hata yeye amekubali.

Shida ni ngozi. Mama ni mweusi hasa, weusi ambao jua la saa nne likimpiga begani anang'aa kama mtungi uliotoka kunyeshewa. Kwenye kitambaa anatoka kijivu. Palipo na mwanga nimechanganya kahawia na nyeupe, palipo na kivuli kahawia na nyeusi, kama ninavyofanya kwenye mabango miaka yote. Mkono wa kulia nimeufuta mara tano. Jumapili nilimpelekea nyumbani aione. Aliitazama muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena, akasema, "Umenichora kama maiti." Hakuwa anatania. Niliirudisha Kondele kwa nduthi, nimeifunika shuka, na njia nzima sikumjibu mwendeshaji hata neno moja.

Jambo la pili si la rangi. Mama hataki kuchorwa na nguo za kazi. Anataka sare yake ya akina mama wa kanisa, ile aliyovaa siku ya harusi ya dada yangu, imepigwa pasi, ameketi kitini. Aliniambia watu wakiona picha hii watajua mimi ni mtoto wa mgonga kokoto. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu ninachora. Tukanyamaza wote wawili mpaka chai ikapoa.

Meneja wa hoteli moja ambayo nimechora ukuta wake alinishauri niachane na akina mama wa mawe, nichore ndovu na machweo, maana ndiyo wageni wanayonunua. Sikumwomba ushauri. Nawaomba ninyi.

Ngozi inageukaje majivu, na ni haki kumchora mtu kazini kama mwenyewe hapendi?

jua_la_utosi

Ondoa nyeusi kabisa kwenye kibao chako cha kuchanganyia rangi. Chukua amba ya kuchomwa, ile kahawia iliyokoza, na buluu ya ultramarini, changanya, utapata giza lenye uhai. Halafu siena ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu, nyingi kuliko unavyodhani. Usiogope wekundu, ngozi yetu ina wekundu ndani.

FundiFremu_Ksm

Mimi natengeneza fremu na kuvuta kanvasi, kwa hivyo nitasema la upande wangu tu. Hiyo marikani uliipaka nini kabla ya rangi? Mafuta yakigusa pamba moja kwa moja, kitambaa kinaungua polepole, kinakuwa kikavu na baada ya miaka kinakatika kama karatasi ya zamani. Kwa picha ya kudumu ni lazima kuwe na tabaka la kutenganisha. Mimi hupaka jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya msingi, mikono miwili au mitatu, napiga msasa mwepesi kati ya mkono na mkono.

Na matambara unayofutia rangi usiyakunje ukayatupa kwenye kona ya kibanda. Mafuta ya kitani yaliyo ndani ya rangi za tyubu yakikauka yanatoa joto, na tambara lililobanwa linaweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke au yaloweke majini. Kondele mabanda yamebanana, moto wako ni moto wa jirani.

Brashi_ya_Kondele

Asante fundi. Nilipaka jeso mikono miwili, nafikiri niko salama hapo. La matambara sikulijua kabisa. Nilikuwa nayarundika ndani ya debe chini ya meza. Nimeyatoa sasa hivi.

jua_la_utosi, nyeusi ninayotumia si ya tyubu. Ni glosi ya kopo, ile ya mabango. Niliona inafunika vizuri.

Mwalimu_Nakuru

Kijana wangu, nimefundisha Sanaa shule za sekondari hapa Nakuru mpaka nikastaafu, na swali lako ni lile lile nililoulizwa kila mwaka na kila darasa. Mtoto anajichora, anatoka kijivu, anakata tamaa, mwaka unaofuata anachagua somo jingine. Kwa hivyo vumilia nieleze kwa urefu.

Kwanza hiyo glosi. Iondoe. Rangi ya mafuta haikauki kama maji, kwa kuvukiza. Mafuta yanavuta hewa, yanaungana nayo na kuwa kama ngozi ngumu, na kila rangi ina mwendo wake. Amba inakauka haraka. Nyeusi ya mifupa na nyeupe ya titani zinachelewa. Glosi ya kopo ina mwendo mwingine kabisa, na juu yake ni laini kama kioo, rangi ya tyubu haipati pa kushika. Ukiweka inayokauka haraka juu ya inayochelewa, ya juu inakaza wakati ya chini bado inasogea, na hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Sheria ya wazee wa kazi hii ni kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache na tapentaini zaidi, na kadiri unavyopanda uongeze mafuta. Kwangua palipo na glosi kwa kisu, polepole, usitoboe kitambaa.

Sasa majivu. Ukitaka kung'arisha kahawia ukatia nyeupe, unafanya mambo mawili bila kujua. Unaiinua kuelekea mwanga, sawa, lakini pia unaipoza na kuinyang'anya rangi yake. Nyeupe ya titani ina nguvu sana, tone dogo linameza siena nzima. Kwenye bango hili halionekani kwa sababu bango linasomwa ukiwa mbali na limejaa rangi kali pembeni. Kwenye uso wa mtu linaonekana mara moja, na mama yako ameliona kabla ya sisi wote.

Jaribu hivi. Ngozi ya mama ianze na amba ya kuchomwa, siena ya kuchomwa na ultramarini kidogo. Ukielekea kwenye mwanga usikimbilie nyeupe. Panda kwa siena, kisha oka ya njano, ile njano ya udongo, na tone la nyekundu pale damu ilipo karibu: sikio, kifundo cha kidole, ncha ya pua. Sehemu iliyo kati ya mwanga na kivuli ndiyo inayobeba rangi kuliko zote, hapo usiwe bahili. Nyeupe uitunze kwa mng'aro wa mwisho tu, ule wa begani uliousema wewe mwenyewe. Na mng'aro huo si kahawia iliyofifia. Ngozi nyeusi yenye jasho ni kioo, na saa nne ya asubuhi inachoakisi ni anga. Kwa hivyo tia buluu kidogo ndani ya nyeupe, weka kwa mguso mmoja, uache. Ukiusugua umeuua.

Jambo jingine. Je, umechora kutoka kwa picha ya simu? Nahisi ndivyo. Simu ikiona rundo la kokoto jeupe chini ya jua, inapunguza mwanga ili mawe yasitoke meupe kupita kiasi, na uso wa mtu mweusi unabaki shimo. Halafu wewe unajaribu kuchora shimo. Nenda ukakae naye. Angalia chini ya kidevu chake. Mawe yale yanarusha mwanga juu, kwa hivyo kidevu na upande wa chini wa mkono havina giza kama unavyotarajia, vina joto fulani la vumbi. Simu haitakuonyesha hilo.

Tafuta picha moja inaitwa Somo la Banjo, ya Henry Ossawa Tanner, Mmarekani mweusi, ya mwaka 1893. Mzee anamfundisha mvulana kupiga banjo, mvulana ameegemea mapajani kwake. Upande wa kushoto mwanga unaingia baridi, wa dirishani. Upande wa kulia unatoka mwanga wa moto wa jikoni. Nyuso mbili nyeusi, na kila moja ina buluu, ina rangi ya machungwa, ina zambarau. Ukisogea karibu huwezi kusema hii ni rangi ya ngozi. Hakuna rangi moja inayoitwa hivyo. Tanner alifundishwa na Thomas Eakins kule Philadelphia, mtu aliyekuwa mkali sana kuhusu mwili: uchore ulivyo, mfupa wake, uzito wake. Lakini ile lugha ya mianga miwili juu ya uso mweusi, hiyo Tanner aliifanya yake.

Swali lako la pili ni kubwa kuliko la kwanza na sitajifanya nina jibu. Nitakwambia tu kwamba mtu amekutangulia. Mwaka 1849 Mfaransa Gustave Courbet aliwakuta wanaume wawili, mzee na kijana, wakivunja mawe kando ya barabara. Akawaita studio kwake wakae achore. Picha yake ilikuwa na upana wa zaidi ya mita mbili na nusu. Ukubwa kama huo walizoea kuwapa wafalme na watakatifu. Yeye akawapa watu wa nyundo na kikapu, suruali zina viraka, soksi ya mzee imetoboka kisigino. Ilipoonyeshwa Paris wengi walikasirika. Haipo tena, iliteketea mwaka 1945 wakati wa vita, karibu na Dresden, Ujerumani. Tunayoiona leo ni nakala za kamera tu. Lakini angalia alichofanya na nyuso: mzee ameinama, kofia imemtia kivuli, na kijana ametupa mgongo. Huwezi kumtambua yeyote. Pengine kwa mama yako hiyo ni njia. Mwinamishe, kitambaa cha kichwa kimfiche, kazi ibaki na aibu iondoke.

Nyar_Seme

Mwalimu nimekusoma kwa heshima, na la rangi siwezi kulipinga kwa sababu mimi si mchoraji, ni muuguzi. Lakini la kumficha uso nalipinga kwa moyo wangu wote.

Mama yangu aligonga kokoto Seme, si mbali na ile miamba ya Kit Mikayi, kwa miaka kumi na minne. Amelala sasa. Nina picha zake tatu tu na zote ni za sherehe. Amesimama wima, mikono ameificha nyuma, kwa sababu aliionea haya. Sina hata picha moja ya mikono ile. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa hakina kucha, nyundo ilimpata mara nyingi mpaka kucha ikakata shauri isiote tena. Nikifunga macho naiona. Watoto wangu hawataiona kamwe.

Wale watu wa Mfaransa walikuwa wapita njia kwake, hakuwa na deni la majina yao. Huyu ni mama yake. Ukimficha uso amekuwa mgonga kokoto yeyote, na ndicho hasa anachoogopa, kuonekana mgonga kokoto tu. Uonyeshe uso, ndugu yangu. Uonyeshe akikutazama.

Na kuna kitu kimoja mmekisahau ninyi nyote mnaojua rangi. Vumbi. Mama alikuwa anarudi jioni mweupe mpaka kope. Mikono ilikuwa ya majivu kweli kutoka kwenye vidole hadi viwiko, na jasho lilikuwa limechora mistari ndani ya vumbi ambapo ngozi yake halisi ilionekana, nyeusi, imelowa, inang'aa. Akinawa kwenye beseni maji yalibaki kama uji wa saruji. Sasa Brashi anauliza kwa nini mama yake ametoka kijivu. Je, hujachora vumbi ukadhani ni ngozi?

Mwalimu_Nakuru

Nyar_Seme, nimesoma maneno yako mara mbili kisha nikatoka nje nikatembea kidogo. La uso nakubali nilikosea. Nilikuwa natafuta njia ya kumpunguzia mama haya, na nimemtafutia njia ya kumfuta.

Na la vumbi umetufundisha sote. Brashi, msikilize. Hiyo ndiyo picha yako. Kijivu chako si uongo mtupu, kimewekwa tu mahali pasipo pake. Chora ngozi kwanza, yote, tajiri, kama nilivyokueleza, kana kwamba ametoka kuoga. Iache ikauke kabisa ukigusa. Kisha chukua nyeupe, tia amba kidogo na chembe ya ultramarini, ufute brashi kwenye tambara mpaka iwe karibu tupu, na uipitishe juu juu ya mkono bila kukandamiza. Rangi itashika kwenye vilima vya kitambaa tu na ngozi itapumua chini yake. Hilo ni vumbi. Jasho usilichore. Pitisha kitambaa safi chenye tapentaini kidogo kwa mstari mmoja kabla vumbi halijakauka, nalo litafunguka, na ngozi ya chini itajitokeza yenyewe, maana ilishakauka.

Jihadhari na ile thina ya mabango. Ni kali mno, itakula mpaka tabaka la chini. Tumia tapentaini.

jua_la_utosi

Naongeza kidogo. Kuna picha ya Gustave Caillebotte ya mwaka 1875, mafundi watatu wamepiga magoti wanakwangua sakafu ya mbao, vifua wazi. Dirisha liko nyuma yao, kwa hivyo mwanga unateleza juu ya migongo na juu ya sakafu kwa wakati mmoja. Ilikataliwa kwenye maonyesho makubwa ya Paris mwaka huo huo, mwaka uliofuata akaionyesha kwenye maonyesho ya pamoja na wachoraji wenzake. Itazame kwa ajili ya mikono. Ile mikono imechoka lakini inajua inachofanya. Mara nyingi tukichora watu wa kazi tunachora uchovu peke yake, tunasahau ujuzi.

Brashi_ya_Kondele

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilifanya mlivyosema, na nilitaka nirudi na kitu cha kusema.

Nilikwangua glosi yote. Ilichukua siku mbili, na palipokuwa na kivuli cha shingo ilitoka kama ganda, jinsi mwalimu alivyosema, haikuwa imeshika chochote. Kisha nilifunga kibanda siku tatu za asubuhi nikaenda Kisian kukaa na mama. Sikubeba rangi. Nilibeba daftari, penseli na mkaa wa jikoni.

Siku ya kwanza hakunitazama. Akina mama wenzake ndio walionitazama, mmoja akaniuliza kama nimetumwa na serikali ya kaunti. Siku ya pili nilimwonyesha mama nilichochora, mkono wake wa kulia na nyundo. Alicheka kidogo akasema, "Hapo sishiki hivyo." Nilikuwa nimemchora ameshika mpini katikati, jinsi mimi ninavyoshika nyundo ya misumari. Alinionyesha. Anashika mwishoni kabisa, vidole viwili vya mwisho vimelegea, na hainui mkono wote. Anainua kifundo tu, uzito wa chuma unafanya kazi yenyewe. Aliniambia ukishika katikati saa nne utakuwa umechoka, na yeye anakaa pale mpaka saa kumi na moja. Miaka yote hiyo nimekula kwa mkono ule na sikujua unavyoshika.

Nilimsomea maneno ya Nyar_Seme kwenye simu, kwa Kijaluo, nikitafsiri polepole. Nilipofika kwenye ukucha alitazama kidole chake cha kushoto. Wake upo, ila una mstari mweusi katikati ambao haujatoka tangu nikiwa mtoto. Hakusema kitu. Aliniuliza tu huyo dada mama yake alizikwa wapi.

Siku ya tatu nilimkuta amevaa leso mpya kiunoni, ya bluu na njano, na kitambaa cha kichwa kile cha kanisa, cheupe. Blauzi ilikuwa ile ile ya kila siku, imetoboka kwapani. Sikumuuliza. Alianza kugonga, na kufika saa tano kitambaa cheupe kilikuwa rangi moja na mawe. Hapo ndipo aliinua macho akanitazama, nyundo bado iko juu, akaniuliza kama anaweza kuishusha. Nikamwambia bado kidogo. Huo ndio uso ninaouchora.

Rangi: nimepaka msingi wote kwa amba nyembamba na tapentaini, ilikauka baada ya siku mbili. Mkono wa kulia nimeuanza kwa siena, na oka pale jua linapogusa. Sijatia nyeupe hata tone. Kuna jirani yangu fundi wa viatu ambaye huwa hasemi lolote kuhusu kazi yangu. Jana alipita, akasimama mlangoni, akasema, "Huyo si mama wa Kisian?" Anamjua kwa sababu alimnunulia kokoto akijenga.

Swali langu sasa ni moja. Mwalimu, ule mwanga wa chini ya kidevu unaotoka kwenye mawe nimeuona kwa macho yangu, upo kweli, lakini si kijivu na si manjano. Karibu na shingo unakuwa kama rangi ya ndani ya ganda la karanga. Niuchanganyeje bila kurudi kwenye majivu?

Mwalimu_Nakuru

Oka ya njano, siena kidogo, na nyeupe kiasi cha punje ya mtama. Uupozeshe kwa chembe ya ile amba uliyotumia kwenye msingi, usitumie nyeusi. Na uuweke giza kuliko unavyouona. Macho yako yanaulinganisha na kivuli cha shingo kilicho jirani, kwa hivyo yanaukuza. Ukiuweka sawa na mwanga wa shavuni, kidevu kitaruka mbele. Jaribu kwanza kwenye kipande cha jeso pembeni, ukiweke karibu na shingo, urudi nyuma hatua nne ukitazame.

Usipake vanishi kabla ya miezi sita. Kama kuna mahali umeweka rangi nene, ngoja mwaka.

Nyar_Seme

Mwambie mama alizikwa Seme, nyumbani, chini ya mti wa mwembe aliouotesha mwenyewe. Na ukifika kwenye kile kidole cha kushoto, ule mstari mweusi uuchore.

Brashi_ya_Kondele

Nitamwambia Jumapili. Mstari nimeshauchora, ndiyo kitu cha kwanza nilichofanya leo asubuhi kabla ya mteja wa kibao kuja.